Msusi na Kalamu Zake za Rangi

Mjukuu wangu ni msusi. Pale saluni wanamwita Vidole, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake unahisi kama kuna mdudu mwepesi anatembea kichwani, na ukija kushtuka umeshamalizwa upande mzima. Siku pikipiki ilipomgonga, kitu cha kwanza nilichokiangalia ni vidole. Vilikuwa vizima vyote. Kumbe kilichoumia ni kichwa.

Kidonda kilipona, nywele zikaota tena juu ya kovu. Lakini mambo ya leo hayakai. Ya zamani anayo yote, hata viatu nilivyovaa siku nilipompeleka shule mara ya kwanza anavikumbuka. Ila umwambie neno asubuhi, kufika mchana limeshavuja kama maji kwenye chujio.

Mwenye saluni ni mama mmoja mnene, mkali wa maneno na mwepesi wa kusaidia. Muda wote wa ugonjwa alimwekea kiti chake kilekile cha dirishani. Sasa kuna msusi mwingine, mwenye wateja wake, alikuwa anakiulizia. Basi yule mama akaja nyumbani, akakataa hata chai, akasema bila kuzunguka, "Mwanangu, nakupenda, lakini kiti kitupu hakilishi mtu. Njoo tujaribu wiki hii. Ukinichanganyia wateja nitampa mwenzio, na usije ukaninunia."

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemshauri anunue diari, ile yenye ukurasa mzima kwa kila siku, na kalamu za rangi. Nyekundu ikawa ya wateja. Bluu ya dawa zake. Kijani ya mambo ya nyumbani, kama kununua sabuni. Zambarau ya watu wa kupigiwa simu. Kila asubuhi anafuta meza kwanza, anapanga kalamu kama vijiko vya wageni, ndipo anaandika, herufi za duara, mistari kwa rula. Ukurasa ukikamilika unatamani kuutundika ukutani.

"Mke mwenzangu," namtania, "hiyo ni kazi au unadarizi foronya?"

"Una wivu, bibi. Nikununulie na wewe zako?"

"Ninunulie ya kijivu, ilingane na nywele."

Lakini mimi ndiye ninayeosha vikombe. Asubuhi moja nikaona kikombe chake cha kunywea dawa kimefunikwa kwenye rafu vilevile nilivyokiacha jana yake, kikavu. Nikamuuliza taratibu kama amekunywa dawa.

"Nimekunywa. Si hii hapa, bluu?"

Na kweli, bluu ilikuwapo, na kaua kadogo pembeni. Nikafungua kopo, vidonge havikuwa vimepungua. Sikumgombeza. Nikamwekea maji mezani nikamwambia, "Diari inasema umekunywa, kopo linasema bado. Leo tuamini kopo." Akacheka, akanywa. Mimi nikabaki na swali langu.

Jibu lilianza kujitokeza saluni, siku ya pili ya majaribio. Nilikuwa nimemsindikiza kwa ajili ya kuvuka barabara, nimekaa kwenye benchi la wateja. Akaingia mwalimu wa shule ya jirani, kajifunga kitambaa. Vidole akamtazama kwa mshangao mpole.

"Mwalimu, si nimeshakusuka leo?"

"Umenisuka wapi, ndotoni?" Mwalimu akavua kitambaa, nywele zimefumuliwa zimesimama kila upande. "Haya, isifie kazi yako."

Watu wakacheka. Vidole akacheka nao kidogo, kisha akaikimbilia diari. "Lakini uko hapa, mwalimu. Umeandikwa kwa nyekundu kabisa." Na kwenye saa hiyo ya mwalimu alikuwa ameshamkalisha mke wa fundi bomba, kichwa kiko nusu.

Mwenye saluni hakucheka. Aliichukua diari, akafunua kurasa moja moja, akairudisha.

"Uzuri wa mkakasi," akasema, na hakumalizia, maana nani asiyejua kinachofuata. "Jumamosi ndiyo siku ya watu wengi. Nitaangalia Jumamosi. Baada ya hapo nitampigia simu yule mwenzio."

Jioni Vidole alikaa kwenye ngazi ya jikoni, machozi yanamtiririka bila sauti. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake nikichambua mchele.

"Bibi, mimi si mwongo. Nakumbuka kabisa nimemsuka."

"Nieleze unavyokumbuka. Alikaaje?"

Akafumba macho. "Simwoni alivyokaa."

"Nywele zake ngumu au laini?"

"Sijui. Naona jina lake. Nimelipigia mstari chini. Wino ulichelewa kukauka, nikaupuliza." Akafumbua macho. "Bibi, nakumbuka kuandika."

Nikaacha mchele. Akaendelea polepole, kama mtu anayefumua msuko wenye mafundo. "Nikishaandika na kupamba, moyo unatulia, unaona imekwisha. Dawa hivyohivyo. Hata sabuni."

"Sabuni kweli hatuna," nikasema, naye akacheka huku anajifuta pua.

Nilikuwa nimetaka kumwambia apunguze rangi. Nashukuru sikusema, kwa sababu alichokifanya mwenyewe kilikuwa bora. Aliomba penseli iliyokuwa kwenye kikapu changu cha kushonea. Akasema kuanzia sasa kila jambo litaandikwa kwa penseli, bila urembo, na rangi itapita juu yake mkono ukishatenda. Kisha akazitenganisha kalamu. Bluu akaitia ndani ya kopo la dawa. Kijani akaifunga kwa uzi kwenye mpini wa kikapu cha sokoni. Zambarau ikaingia kwenye mfuko wa simu, na nyekundu kwenye aproni ya kazini, pamoja na vitana.

"Nikitaka bluu sharti nifungue kopo," akasema. "Nikishalifungua nitaona aibu kuondoka bila kumeza."

Jumamosi nilimsindikiza tena, nikakaa kwenye benchi langu. Mwenye saluni alianza na diari kabla hata ya kuvua viatu vya barabarani.

"Mbona leo imepauka hivi? Hata rangi umezikatia tamaa?"

"Rangi zinakuja, mama. Kila kichwa kikikamilika."

Akabetua midomo, akaenda kuwasha mashine ya kukaushia nywele.

Mchana, saluni ilipojaa, Vidole alimpaka dawa ya kulainisha nywele mama wa duka la vyombo. Dawa ile ikizidi muda inaunguza ngozi. Akaandika kwa penseli: kumwosha. Mara wateja wawili wakaanza kugombania zamu mlangoni, akaenda kuwaamua, maneno yakawa mengi. Aliporudi, alisimama katikati ya chumba. Nikaiona sura yake, ile ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mama wa vyombo alikuwa amefumba macho, ametulia. Nikainuka nusu. Mwenye saluni, kitana kikiwa hewani, akanipa ishara nikae. Lakini na yeye alikuwa ameshasogea karibu na sinki.

Vidole akaangalia diari. Kijivu, penseli tupu.

"Bado," akajisemea. Akamshika mama wa vyombo mkono, akampeleka kwenye sinki, akafungua maji.

"Nilishaanza kuwashwa," mama akasema, kichwa kikiwa chini ya bomba. "Nikaona nisikusumbue."

"Nisumbue, mama. Mimi nisumbuliwe tu."

Alimsuuza mpaka maji yakatoka meupe, akamfunga taulo, akafuta mikono yake kidole kwa kidole. Hapo ndipo alipotoa nyekundu mfukoni na kuipitisha juu ya penseli.

Kabla ya kufunga, simu ya mwenye saluni iliita. Alikuwa yule msusi mwingine. "Hapana, mpenzi," tukamsikia akisema, "kiti kina mtu. Nikiongeza kingine nitakutafuta." Akaikata, akamgeukia Vidole. "Wateja wa dawa utawawekea na saa ya mlio. Na kwenye sinki ningali nakuangalia, usijidanganye. Jumatatu, mapema."

Vidole akachukua penseli, akaandika: Jumatatu, kazini.

Kwa furaha nikamwambia, "Hiyo ipake nyekundu sasa hivi, mke mwenzangu. Hiyo imeshakuwa."

"Haijawa, bibi," akasema, akifunga diari. "Ngoja nifike."