Kitambaa cha Mama na Mtihani wa Saa Tisa

Siku ya mtihani wa mdogo wangu, nyumba yetu ilikuwa na watu watano, kompyuta moja mgonjwa na dawa za aina sita.

Mdogo wangu alitaka kuwa mkalimani wa lugha ya alama hospitalini. Lugha yenyewe hakuanza kuisomea darasani. Aliinyonya humu humu ndani, maana kaka yetu mkubwa, yule seremala, ni kiziwi tangu utotoni. Mwaka jana kaka alikwenda hospitali na jino bovu. Akaonyesha, akaeleza kwa mikono yote miwili, daktari akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha akamng'oa jino zima lililokuwa jirani. Bovu likabaki. Kaka akasema harudi pale mpaka awepo mtu wa kumsemea, na tangu hapo anatafunia upande mmoja. Hospitali ikasema nafasi ya mkalimani ipo, leteni leseni. Leseni ina mtihani, nao unafanywa kwa video, saa tisa kamili alasiri, kwenye kompyuta tu. Simu haikubaliki, wanataka kuona mikono yote mpaka viwiko. Ukichelewa, mlango umefungwa mpaka mwakani.

Kompyuta tuliachiwa na binamu. Aliiwekea mfumo wa Linux, akatuambia ni ya bure, haishiki virusi, haizeeki, kisha akahamia mbali na kutuachia hayo maajabu. Mimi ni msusi, lakini kabla ya kusuka nilikaa miaka mitatu mapokezi kwenye kafe ya mtandao, na sikio langu halikai bure. Kila amri niliyosikia mafundi wakipeana niliiandika kwenye daftari. Ndiyo maana nyumbani naitwa Injinia, na ndiyo maana siku ile nikabebeshwa mzigo mimi.

Saa nane na nusu Mama akaivua kompyuta nguo yake. Nguo, ndiyo. Mama hufuma, na katika nyumba hii hakuna kitu kinacholala uchi. Redio ina kitambaa, birika lina kitambaa, hata kile kiboksi cha mtandao kilichopo ukutani kina kofia ya uzi wa kijani. Cha kompyuta alikifuma cha kubana, pindoni akatia lastiki ili vumbi lisipate pa kupita. Kukivua ni kuvuta mpaka mishipa ya shingo itoke.

"Haya, Injinia," akasema, akikikunja. "Iko safi kama yai."

Nikaiwasha. Ikatuletea picha ya mlima, basi. Hakuna mstari wa chini, hakuna saa, hakuna cha kubofya. Mlima tu, umetulia, hauna shida na mtu.

"Dada, asubuhi ilikuwa nzima," mdogo wangu akasema. Alikuwa amevaa blauzi nyeusi isiyo na maua, kama barua ya mtihani ilivyoagiza. "Nimeijaribu mwenyewe."

"Iliomba kujisasisha?"

"Iliuliza kitu. Nikakubali."

"Ukakubali nini?"

"Sijui. Yenyewe ilikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka."

Nilimtupia lile jicho la mkubwa kwa mdogo, nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, dirisha jeusi la kuandikia amri likafunguka. Nikapekua daftari, nikaandika amri ya kuuamsha mstari wa chini. Ukarudi na saa yake: nane na dakika thelathini na nane. Nikajipigia makofi moyoni, mapema mno, kwa sababu pale pembeni panapokaa alama ya mtandao palikuwa na msalaba.

Hapo ndipo alipoingia Profesa. Profesa huuza makava ya simu na chaja chini ya ngazi za jengo letu. Hakuna aliyewahi kumwona na kitabu, lakini harufu ya tatizo humfikia kabla ya mwenye tatizo.

"Zima, washa," akasema, mguu mmoja bado uko nje.

"Salamu kwanza," Mama akamwambia.

"Shikamoo, Mama. Zima, washa."

Tukazima, tukawasha. Dakika nne zikaenda. Msalaba ule ule, na mstari wa chini ukatoroka tena, nikaurudisha. Wakati huo kaka akatoka chumba cha nyuma, penseli sikioni, bado na aproni yake ya kazi. Akaitazama kompyuta, akagonga meza mara mbili. Kwake kugonga meza ni sawa na wewe kuita mtu kwa jina. Mimi najua alama kumi tu za lugha yake, nikampa mojawapo: subiri.

"Tatizo ni hii kofia," nikasema, nikaenda ukutani kuvua kitambaa cha kiboksi. "Mama, mawimbi yatapitaje kwenye uzi mzito hivi?"

"Simu yako inashika mtandao?"

Nikaangalia. Ilikuwa inashika, mistari yote.

"Basi kivalishe," akasema.

Nikakivalisha. Nikarudi kwenye daftari, nikaandika amri ya kuwasha kile kifaa cha ndani kinachonasa mtandao. Kimya. Nikaandika ya kuanzisha upya huduma nzima ya mtandao. Ikaniomba nywila, nikaipa, kimya. Hii Linux ukiitumikia haisemi hata asante. Profesa akachomoa waya mfukoni, akasema tuchukue mtandao wa simu yangu tuuingize kwenye kompyuta. Wazo zuri, nakiri. Tukachomeka. Simu ikaanza kuchaji, kompyuta ikakaa kama haikuguswa.

"Waya wako unapitisha umeme tu," nikamwambia.

"Ni waya wa chaja. Ulitaka upitishe nini?"

"Data, Profesa."

"Za data zimeisha juzi."

Saa nane na dakika arobaini na tisa. Pa kukimbilia hapakuwepo, kafe yangu ya zamani siku hizi ni duka la magodoro. Mdogo wangu alikuwa ameganda mbele ya skrini, mikono ikifanya mazoezi yenyewe: ini, figo, taya, jino. Kaka akagonga meza tena. Akaja ubavuni mwangu akanyoosha mkono kwenye kompyuta, nikampiga kikofi cha mkono kama mtu anayefukuza nzi kwenye maziwa.

"Kaka, tafadhali bwana," nikasema. Hakusikia, lakini uso wangu aliusoma wote, na haukuwa na tafadhali.

Nikafika ukurasa wa mwisho wa daftari, penye amri ya kuuliza ni nani aliyeuzuia mtandao. Jibu likaja. Kizuizi cha programu: hakuna. Kizuizi cha kifaa: kipo.

"Basi kifaa chenyewe kimekufa," nikasema, na sauti yangu sikuipenda.

Profesa alifurahi, ila kwa heshima. "Hakijafa. Kadi ya ndani imelegea. Tuipasue tumbo, tuikaze. Nipeni bisibisi ya nyota."

Bisibisi za nyumba hii zote ni za kaka. Mama akamwashiria kwa kuzungusha vidole. Kaka akamtazama Mama, akamtazama Profesa, akatoa bisibisi kwenye mfuko wa aproni, akatuonyesha wote, kisha akavuta kiti na kuikalia.

"Na huyu naye kachagua siku," nikasema.

Mama akamgeukia mdogo wangu. "Wewe unayejua kusema naye, muombe kaka yako bisibisi."

"Mama niache, nina ini na figo hapa," akajibu, macho hayabanduki kwenye skrini.

"Nane na hamsini na tatu," akasema Profesa, ambaye hakuulizwa.

Nikamwendea kaka. Nikavuta mkono, nikavuta bega. Mzito kama makabati yake. Akanyanyuka mwenyewe, akanishika mabega yote mawili, akaniweka kando kama kiti kilichokaa njiani, kisha akakanyaga sakafu kwa kishindo mpaka vikombe vikalia kabatini. Mdogo wangu akashtuka, akageuka. Tangu kaka aingie sebuleni, hapo ndipo alipomtazama usoni.

Kaka akasema maneno machache kwa mikono.

"Anasemaje?" tukauliza watatu kwa mkupuo.

"Anasema kuna swichi. Hapo mbele, kwenye ukingo. Mama akivua kitambaa, lastiki inaivuta, mtandao unajizima. Kila siku. Anasema akitaka kuongea na wenzake kwa video huirudisha kwa ukucha, na hata leo asubuhi aliirudisha kabla yangu."

Kaka akainama, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa mbele. Tki. Kitaa kidogo cha rangi ya chungwa, ambacho mimi Injinia nilikuwa nakitazama karibu nusu saa nikijua ni cha chaji, kikageuka buluu. Msalaba ukaondoka. Majina ya mitandao ya jengo zima yakajipanga kwenye skrini, na la kwetu juu kabisa.

Nane na hamsini na sita.

"Tokeni wote," mdogo wangu akasema. Barua ilitaka chumba kisiwe na mtu mwingine.

Kututoa sisi sebuleni kwetu si kazi rahisi, lakini tulitoka. Mlango wetu una kioo sehemu ya juu, na kaka kwa urefu wake ndiye aliyekifikia. Nikamvuta shati: mle ndani anasema nini? Akaanza kunieleza taratibu, kwa alama za kitoto ili na mimi niambulie. Mwanamke. Tumbo. Maumivu. Siyo hapo, hapa. Nikamtafsiria Mama, na Profesa akasema hata yeye alihisi hivyo hivyo.

Baada ya dakika arobaini mlango ukafunguka. Blauzi ilikuwa imelowa mgongoni.

"Nimepita," akasema. "Wamenipa majibu hapo hapo."

Mama akaegemea ukuta. Mimi nilifungua mikono, lakini mdogo wangu alinipita akaenda kwa kaka. Akamuuliza kwa mikono huku akisema kwa mdomo, ili na sisi tupate.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Tangu nilipoingia, kaka akajibu kwa mikono, na mdogo wangu akatutafsiria.

"Mbona hukuniambia?"

Kaka akahesabu kwa vidole: mara tano. Akaonyesha macho yake, akaonyesha ya mdogo wangu, kisha akaonyesha skrini. Hiyo hata mimi na alama zangu kumi niliielewa.

Mdogo wangu akaweka paji la uso begani mwa kaka, akakaa hapo hapo. Kaka akamwacha kidogo, kisha akamwinua kidevu, akafungua mdomo wake mwenyewe na kumwonyesha lile jino bovu. Akaonyesha saa. Lini?

"Jumatatu," mdogo wangu akamjibu. "Wewe wa kwanza."

Chini ya ngazi Profesa anasimulia kwamba kompyuta ile aliitengeneza yeye, bila hata kuifungua. Nimemwacha, nimechoka. Na Mama amefumua kitambaa, amekifuma upya, ameacha kidirisha pale penye swichi, akakizungushia uzi mwekundu. Lastiki, kwa sababu anazozijua yeye, ameikaza zaidi.