Chemchemi ya Mito Miwili

Alasiri ile Tulinagwe, muuguzi anayefuatilia wagonjwa waliopandikizwa figo, alirudi nyumbani amechoka mwili na roho. Mgonjwa wake, Mzee Ngonyani, alikuwa siku ya nne na figo mpya, homa ikampanda ghafla, na maabara ikaona bakteria kwenye damu yake. Figo ilitoka kwa marehemu. Figo ya pili ya marehemu huyo alikuwa amepewa mwalimu Zawia, katika hospitali ya mji mwingine.

“Tuwaarifu wenzetu wa kule,” Tulinagwe alikuwa amesema.

Daktari Kisamo akatikisa kichwa. “Tuthibitishe kwanza kama bakteria wametoka kwenye figo, sista. Tukikosea, tutaaibika.”

Tulinagwe akajilaza kochini na sare zake, usingizi ukamchukua.

Akajikuta katika nchi ya ukungu mweupe kama maziwa, ambako ardhi ilipumua taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na mbele yake ikabubujika chemchemi iliyogawanyika mito miwili, mmoja ukielekea mashariki, mwingine magharibi. Kwenye mto wa mashariki samaki walikuwa wakielea matumbo juu, na mwanamume mtanashati aliyejifunika shuka la hariri akiwafukia mchangani mmoja mmoja, kwa upole mkubwa. “Naitwa Aibu,” alisema kwa sauti tamu. “Nisaidie, mama, kabla watu hawajaona.” Tulinagwe akainama. Naam, aliinama, na viganja vyake vilikuwa vimeshajaa mchanga alipoguswa bega na bibi mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala.

“Mimi ni Tahadhari,” bibi alisema. “Hawa wamekwisha kufa, mwanangu. Tazama magharibi.”

Huko mwanamke kijana alikuwa amepiga magoti, amekinga maji, anakaribia kunywa.

“Nani ameitia sumu chemchemi?”

“Hilo tutalitafuta baadaye, na huenda tusimpate mtu. Sasa mwite yule.”

Tulinagwe akafumbua kinywa, sauti haikutoka. Aibu alikuwa amemziba kwa pindo la shuka lake, laini kama shavu la mtoto. Ndipo kutoka majini akainuka mtu mwenye jeraha ubavuni, uso umetulia. “Nilitoa nilichokuwa nacho ili waishi,” alisema. “Mnanionea haya ya nini?” Tulinagwe akalichana shuka, akapiga ukelele.

Ukelele ule ukamwamsha. Jua lilikuwa bado dirishani, naye akaelewa: kutwa nzima walikuwa wakililinda jina lao, na Zawia hana wa kumlinda. Hakumngoja daktari. Akapiga simu hospitali alikolazwa Zawia.

“Homa imemwanza asubuhi,” alijibu muuguzi wa kule. “Tumempima malaria, hana. Tulikuwa tunasubiri.”

“Msisubiri. Chukueni damu yake. Nawatumia majibu ya mgonjwa wetu.”

Walikuwa bakteria wale wale. Zawia alianzishiwa dawa siku hiyo hiyo, na figo yake ikasalimika. Ya Mzee Ngonyani haikusalimika. Akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Tulinagwe akamweleza yote.

“Na huyo mwalimu,” mzee akauliza, “anapata mkojo vizuri?”

“Vizuri, baba.”

“Haya,” akasema mzee, akamnyooshea mkono amchome sindano.