Mapera Yaliyogoma Kuchachuka

Siku ya nne mitungi ilikuwa bado kimya. Shangazi alitega sikio juu ya kila mmoja, kisha akasimama ameshika kiuno.

"Mkono wangu umekufa," alisema. "Hii nikishindwa, nafunga chumba."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza siki ya mapera katika chumba hicho cha nyuma, chenye rafu tatu na dirisha la chandarua. Siku zote povu lilipanda siku ya pili. Safari hii mitungi sita haikutoa hata kiputo.

Baba, ambaye ni kaka yake na ndiye mwenye shamba la mapera, alicheka mlangoni. "Uzee huo, dada. Hata povu linakukimbia."

"Uzee? Nani alizaliwa kwanza humu ndani?"

Mimi ni fundi wa maabara ya shule, na jambo lisilo na sababu huninyima usingizi. Nilinusa pera moja. Lilinukia kwa mbali, kama liko chumba cha pili.

Niliomba chupa tatu. Ya kwanza nilitia mapera ya Baba pamoja na maganda. Ya pili, mapera yale yale, lakini nimeyamenya. Ya tatu, mapera ya jirani na maganda yake. Zote nikazitilia hamira ya kopo moja, kijiko kimoja kimoja.

Kesho yake chupa ya pili na ya tatu zilikuwa zimevaa povu hadi shingoni. Ya kwanza ilitulia tuli.

"Kumbe ni maganda!" Shangazi aliruka. "Kaka, umeyapaka nini?"

"Sijapaka kitu. Nilipiga dawa ya ukungu tu. Yalikuwa na madoa meusi."

"Lini?" niliuliza.

Baba alijikuna shingo. "Siku tatu kabla ya kuvuna."

Nilimwomba chupa ya dawa, nikamsomea karatasi yake: subiri siku kumi na nne kabla ya kuvuna.

"Lakini hiyo ni ya ukungu," alibisha. "Siki imeingiaje?"

"Hamira na ukungu ni ukoo mmoja, Baba. Dawa haikuuliza nani ni nani."

Nilidhani Shangazi atamrukia. Badala yake alichukua simu yake, akatuonyesha ujumbe aliomtumia Baba: *Kaka, usinicheleweshe, vuna wiki hii hii.*

"Kumbe mkono ni mzima," alisema polepole. "Mdomo ndio umeniponza."

Baba aliokota pera kikapuni, akalifuta kwenye shati. Shangazi alimpiga kofi mkononi, pera likadondoka.

"Limeua povu langu, nawe unataka kulitafuna?"

Tulimwaga mitungi yote sita. Mapera yaliyobaki mtini tuliyaacha hadi siku ya kumi na nne tangu dawa, Shangazi akihesabu siku ukutani kwa chaki. Siku mbili baada ya kuvuna na kujaza mitungi upya, aliniita chumba cha nyuma.

"Sikiliza!"

Mtungi ulikuwa ukinong'ona. Alicheka hadi machozi, kisha akanipa mapera mawili, la kikapu cha mwanzo na la juzi. Lile la juzi lilijaza chumba kwa harufu. La mwanzo bado lilikuwa bubu.

"Hili nalo," alisema, "ni dawa imekula harufu, au ni mimi niliyeharakisha mavuno?"

Sikujua. Nikaenda kutafuta chupa nyingine.