Jina la Duka la Pampu

...na bado ukurasa unafunguka kidogo kidogo, kwanza rangi ya bluu, kisha nusu ya mzungu anayecheka na simu sikioni, anacheka nini huyu, wiki hizi zote hatujapata barua pepe hata moja na mashamba ya maua ya Longonot yanaagiza pampu kwa barua pepe, wakikosa jibu wataenda kwa jirani, kampuni iliyotunza tovuti yetu haikufungua tena baada ya fujo za uchaguzi za Januari, sasa nichague nyingine, ya Amerika ni rahisi ila inataka kadi ya benki, ya Nairobi angalau wana ofisi, anasema Papaji, baba yangu, kutoka kaunta, mtu anaweza kwenda kukaa pale mpaka wamsikilize, nimewapigia, Papaji, na msichana wao ameniambia kwa upole unaotia hasira kwamba tovuti nihamishie ninapotaka, lakini jina lenyewe la tovuti halielekezwi huko bila ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe si sisi, ni Joash, fundi wetu wa kompyuta, aliyeondoka Januari na godoro lake juu ya lori kwenda Kakamega, kwa sababu siku ya kusajili Papaji alikataa katakata, jina langu kwenye intaneti, ili wezi na watu wa kodi wajue nilipo, andika lako Joash, wewe huna kitu, wakacheka wote wawili, na jina la babu yangu, ndilo jina la duka, likawa mali ya Joash... ninunue jipya basi, niongeze kistari katikati, nimweleze kila mteja habari za kistari, upuuzi, na simu ya duka inaita, usipokee Papaji, amepokea, laini ndiyo hiyo hiyo ya intaneti, imekatika, naanza upya... na meseji ya Joash iko kwenye simu yangu tangu asubuhi, password nitakutumia madam, lakini nikirudi, kazi yangu bado iko? sijajibu, jibu nalijua, wale wanaume waliokuja dukani baada ya Joash kuondoka waliegemea kaunta wakauliza, kwa adabu kabisa, kama bado tunaandika kazi watu wa huko kwao Joash, Papaji akasema hapana, kesho yake Thuo, kijana wa hapa, akakalia kiti cha Joash... ningeandika ndiyo tu, neno moja, password ingeingia sasa hivi, naye angepanda basi na godoro lake mpaka hapa Kiamunyi aje akute Thuo, hapana, siwezi, nina hasira mpaka meno yananiuma, na siku zote hizi nilidhani namkasirikia Joash, kumbe ni huyu hapa, Papaji wangu, anayempimia mteja mpira wa maji na kumwongezea kidogo bure, ninampenda, aliogopa, hata mimi niliogopa, lakini amemfukuza mtu aliyempa jina la baba yake mwenyewe alitunze, na Joash mwenyewe hajui... ukurasa umeganda kwenye bluu, na Papaji anauliza bila kugeuka, “Umechagua gani, Simran? Ya Nairobi ama ya Amerika?” na mimi nanyoosha mkono kumpa simu yangu, “Joash, Papaji. Mwambie wewe kama kiti chake kipo.”