Ubavu wa Kushoto

"Kwangueni. Udongo wote urudi kwenye oveni, ulainike tena," alisema mkuu wa usanifu, akatoka bila hata kuligusa gari.

Lilikuwa gari la udongo mtupu, ukubwa wa gari lenyewe, lililofinyangwa ili wakubwa waione sura yake kabla bati halijakatwa. Ubavu wa kulia aliufinyanga mume, wa kushoto mke. Ndivyo karakana hiyo ilivyoshindanisha mitindo miwili kwenye gari moja. Sasa wakubwa wameamua halitaundwa kabisa, na mke aliumia kama aliyefiwa.

Akachukua kikwangulio. Alianzia nyuma, penye ule mkunjo uliopanda juu ya gurudumu kisha ukateremka taratibu, kama bega la mtu anayejigeuza kitandani. Mkunjo huo ulimtoa jasho, na hakuna gari lingine lililokuwa nao. Vidole vyake vikakuta utelezi. Akavinusa: sabuni ya kufulia. Ndani ya mkunjo mlikuwa na chembe nyeupe za plasta.

Mtu alikuwa amemwaga plasta hapo, akachukua kalibu ya mkunjo wake, ya kuufinyanga upya popote. Na mafundi karibu wote hupaka grisi kwanza, plasta isigandamane na udongo. Mmoja tu hupaka sabuni, naye alikuwa upande wa pili wa gari, akikwangua huku akipiga mluzi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Baba watoto," aliita juu ya boneti, "jana ulichelewa wapi vile?"

"Si nilikwambia? Foleni."

"Foleni siku ya mapumziko?"

Mluzi ukakatika. "Makubwa! Upolisi umeanza lini, mke wangu?"

Mke alicheka, lakini kicheko hakikuvuka meno. Alijua jinsi kampuni pinzani ilivyokuwa ikimrubuni mumewe tangu mwaka jana.

Jioni nyumbani, mume alipoingia kuoga, yeye aliingia stoo. Kwenye rafu ya juu, chini ya shuka lao kuukuu, aliikuta kalibu. Akafumba macho, akapitisha kidole ndani yake, na lile bega la udongo likamrudia lote, kinyumenyume. Alitaka kukasirika, machozi yakamtangulia.

"Nilitaka ubaki na mkunjo wako." Mume alikuwa mlangoni, maji yakimchuruzika. "Ni kazi nzuri kuliko yangu, nakiri leo. Niliogopa kukuambia kwa sababu ni mali ya kampuni. Ningekupa wakishasahau."

"Kweli hukumpelekea mtu?"

"Haki ya Mungu, mama watoto. Nani mwingine angeuthamini?"

Moyo ukamtulia. Aliona hata haya, mtu mzima kumpekua mumewe kama mwizi. Akainyanyua kalibu ili airudishe vizuri mahali pake. Vumbi la plasta lilikuwa limeuchora ukingo wake kwenye ubao, bega zima, jeupe. Kando ya bega hilo palikuwa na jingine, sawasawa kabisa, na juu yake hapakuwa na kalibu.

Nyuma yake, mume akielekea chumbani, mluzi ulikuwa umeanza tena.