Tulimwambia ni Kidonda

Mama yetu, Ogulsabir, alikuwa fundi wa mazulia ya sufu, yale ya kuviringishwa kwa mikono mpaka viwiko vinachubuka. Katika vijiji vyote vya kaskazini mwa mji wa Gonbad, nchini Iran, hakuna aliyemshinda. Mkate ulipoanza kumkwama kifuani, aliulowesha kwenye chai akanyamaza. Tulipomfikisha hospitali alikuwa akimeza supu tu.

Daktari alikuwa Mwajemi, mwanamke mpole wa makamo. Sisi ni Waturkmeni, na mama hakujua Kiajemi zaidi ya maneno ya sokoni, kwa hiyo mimi, Aibolek, bintiye, ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Ni saratani ya umio," daktari alituambia kwanza mimi na kaka yangu Hojamurad. "Hatuwezi kupasua, uvimbe umeushika mshipa mkuu wa damu. Tutampa mionzi siku tano kwa wiki, na dripu ya dawa mara moja kila wiki, kwa wiki tano na nusu. Viwili hivyo vinasaidiana. Ana nafasi, ila asikatishe katikati."

Tulipotoka, Hojamurad alinishika mkono. "Mama asijue. Akisikia jina la ugonjwa, moyo utamvunjika kabla ya mwili."

Nikakubali. Na mimi niliogopa.

Kesho yake daktari alimwambia mama, akimtazama machoni, "Ukiacha katikati, ugonjwa utarudi na utakuua." Kisha akanigeukia mimi.

"Anasema ukiacha, kidonda kitachelewa kupona," nikafasiri.

Mama akaitikia kwa kichwa. Daktari naye akaridhika, akidhani yameeleweka.

Tukapanga chumba karibu na hospitali. Wiki mbili za kwanza mama alivumilia, hata akaitania mashine ya mionzi. "Kubwa kama nyumba, halafu haijui hata kupika." Wiki ya tatu koo liliungua, akawa anatapika mpaka maji.

"Bolek, mwanangu," aliniambia asubuhi moja akiwa ameketi kitandani, "nilikuja na kidonda kimoja, sasa koo zima ni bichi. Hawa wananitibu au wananichuna?"

"Vumilia, mama. Zimebaki wiki tatu."

"Wiki tatu kwa kidonda? Kondoo wananyolewa sasa hivi, wenzangu wananingoja. Kidonda kitapona nyumbani."

Nilitoka nje nikampigia Hojamurad. "Niruhusu nimwambie."

"Usithubutu. Mrudishe apumzike kidogo, mtarudi."

Niliporudi chumbani mama alikuwa ameshafunga kitambaa chake kichwani. Alikuwa amepigwa mionzi mara kumi na moja tu. Mkoba niliubeba mimi.

Daktari alipiga simu mara mbili. Ya kwanza nilisema tuna wageni. Ya pili sikupokea.

Kwa miezi miwili mama alikuwa na nafuu. Koo lilipoa, akala wali laini, akasimamia mazulia mawili. Hojamurad akanitania, "Umeona? Ulitaka kumuua bure kwa hofu." Nikacheka, na nilicheka kwa furaha kweli.

Vuli ilipoingia, hata maji yalimrudi, tukampeleka tena hospitali. Daktari alizitazama picha, hakutulaumu. Alisema uvimbe umefika kwenye mapafu. Kilichobaki ni kumwekea mrija ili apitishe kinywaji.

Wodini alikuwepo muuguzi mmoja, Mturkmeni mwenzetu. Nilikuwa nimeenda kutafuta mto. Niliporudi, mama alikuwa amegeukia ukutani.

"Huyu mwenzetu nimemuuliza kwa nini kidonda hakiponi," alisema. "Akaniuliza, kidonda gani, mama?"

Nilikaa chini.

"Daktari yule aliniambia nini siku ile? Siku uliyonifasiria wewe."

Nikamwambia, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ningekaa," akasema. "Sufu ningewaachia wenzangu. Kuchunwa huko ningevumilia, Bolek. Nimezaa saba nikazika watatu. Mlidhani nitaogopa jina?"

"Tulikuhurumia, mama."

"Najua." Akanigeukia. "Lakini koo lilikuwa langu."

Hakulizungumza tena. Alifariki kabla ya theluji kuyeyuka, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Siku ya arobaini Hojamurad aliwaambia wageni kwamba tulifanya kila lililowezekana, ila siku zake zilikuwa zimetimia. Wazee wakaitikia amina. Nilitaka kusema hapana. Nilimwona kaka yangu namna midomo ilivyokuwa ikimtetemeka, nikanyamaza tena.