Sauti Mbili Ndani ya Karavani

Mama Kidoti hakuwa na ugomvi na jua. Ugomvi wake ulikuwa na fundi wa umeme aliyelileta hilo jua mpaka nyuma ya nyumba yake.

Mumewe alikuwa fundi wa miwani. Kiangazi alizunguka miji midogo na karavani lake, chumba kizima juu ya magurudumu mawili, kinavutwa na gari, ndani kitanda, jiko la gesi na mashine ya kunoa vioo. Ikikaribia masika karavani linapumzika uani miezi mitatu, naye anakwenda kufanya kazi kwenye duka la mwenzake, mji mwingine. Mwaka uliopita waliliacha hivi hivi, na betri mbili zilizo chini ya kitanda zikafa kimyakimya. Safari hii, kabla hajaondoka, alimwita fundi wa umeme ambaye mtaa mzima unamwita Volti, afunge paneli ya sola juu ya paa, betri zipate chaji kidogo kidogo mpaka msimu urudi.

Volti alifunga paneli. Kati ya paneli na betri akaweka kisanduku kidogo chenye taa ya kijani.

"Huyu ndiye mlinzi, mama," alisema. "Betri ikishiba, anafunga mlango. Asipokuwepo, jua litaisukumia tu mpaka ichemke. Na hili tundu la hewa huku chini msilizibe. Betri ikichajiwa inatoa gesi, na gesi hiyo na moto havipatani kabisa."

"Haya. Kazi yako imeisha?"

"Bado. Nitakuwa napita kila Jumamosi kutazama maji."

"Maji ya nini?"

"Ya betri. Aina hii inakunywa maji."

"Inakunywa maji! Na majani tuikatie?"

Volti akacheka. Kidoti, binti wa mama huyo, wa miaka kumi na nane, aliyekuwa anaanika nguo pembeni, naye akacheka. Kicheko hicho cha pili ndicho kilichomkwama mama mtu kooni.

Kuanzia hapo akawa chonjo. Jumamosi Volti akija, mama anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Volti akiinama chini ya kitanda, mama amesimama mlangoni kama askari. Hakuona kitu. Lakini kutoona kitu kulimtia wasiwasi zaidi, maana watu wenye siri ndio wanaojua kuificha. Siku za katikati ya wiki alikuta shuka la karavani limekunjamana. Ufunguo ulining'inia msumarini umegeuka upande. Na Kidoti, mida ya saa nne asubuhi, akawa haonekani nusu saa nzima.

Jumatano moja alipita huko nyuma na ndoo ya maji machafu, akasikia sauti ndani ya karavani. Sauti nzito ya kiume.

"Kwa nini tukuchague wewe?"

Ikajibu sauti ya Kidoti, taratibu, imenyooka, bila kukwama hata neno moja. Mama akaganda na ndoo yake. Mwanawe huyu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kuomba chumvi tu mezani ni safari ndefu. Leo ni nani huyu amemlainisha ulimi namna hii?

Mpaka anaitua ndoo na kuzunguka, Kidoti yuko nje, ameshika ufagio.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Na-nafagia."

"Na nani?"

"Na ufagio, mama."

Mama aliingia ndani. Akatazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akapekua mpaka nyuma ya pazia. Hakuna mtu. Kulikuwa na dirisha dogo la nyuma, akalipima kwa macho na mabega ya Volti. Akibanabana, anapita.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia nini, kwamba amesikia sauti? Aliamua kukata mzizi mwenyewe. Alimpigia Volti simu, akamwambia asikanyage tena pale.

"Na maji je, mama?"

"Zitavumilia kiu."

Kisha akakigeukia kile kisanduku. Taa yake inawaka mchana kutwa, usiku kucha. Kitu kinachowaka si kinakula umeme? Mlinzi gani anakula chakula cha anayemlinda! Kwake yeye hicho kilikuwa kisingizio tu, kimewekwa ili kijana apate sababu ya kurudi. Akakifungua skrubu kwa kisu cha jikoni, akaunga nyaya mwenyewe, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akazungushia utepe. Kazi ya dakika kumi. Alijisifu kimoyomoyo. Na lile tundu la chini, ambalo mtu angeweza kupitishia barua au simu, akalishindilia gunia kuukuu. Ufunguo akauacha pale pale msumarini. Huo ulikuwa mtego.

Mvua mwaka huo zilichelewa. Jua lilipiga siku tisa mfululizo, bati linagonga ta, ta, ta kwa joto. Siku ya kumi mama alibeba kikapu, akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda sokoni na atachelewa. Akatoka kwa lango la mbele, akazunguka uchochoroni, akarudi kwa nyuma na kujibanza kando ya tangi la maji, magoti yakimuuma.

Haikuchukua muda. Kidoti akatoka jikoni na birika la maji, akachukua ufunguo, akaingia karavanini, akafunga mlango. Mama akahesabu pumzi zake. Mara ile sauti nzito ikasema, "Karibu, keti." Kikafuata kikohozi.

Amejificha humo tangu alfajiri, mshenzi yule! Mama aliruka kama hana magoti, akauvuta mlango kwa mikono miwili.

Harufu ya mayai viza ikampiga usoni, macho yakawasha. Kidoti alikuwa peke yake, ameweka birika kwenye jiko, kiberiti mkononi.

"Yuko wapi?"

"Na-nani?"

"Mwanamume!"

Kidoti alimtazama mama yake, akatia kidevu shingoni na kusema kwa sauti nzito, "Kwa nini tukuchague wewe?" Kisha kwa sauti yake: "Ndiye huyo. Usaili wa chuo cha u-uuguzi, mama. Jumatatu. Nafanya ma-mazoezi. Leo humu kunanuka, nadhani panya amekufa, nachemsha maji nio-nioshe."

Akatoa njiti.

Hapo ndipo mama aliposikia. Chini ya kitanda kulikuwa na mlio, bwata, bwata, kama uji jikoni. Maneno ya Volti juu ya gesi na moto yakamrudia yote kwa mpigo.

"Usiwashe!"

Akamkamata kifundo cha mkono. Njiti ikaanguka bila kuwaka. Alimburuta mtoto nje hadi ukutani, huyo anakohoa machozi yanamtoka, naye akampigia simu mtu aliyemfukuza.

"Acheni mlango wazi," Volti alisema mbio mbio. "Msiwashe wala kuzima kitu chochote. Paneli ifunikeni blanketi zito jua lisiigonge. Betri msiziguse. Nakuja."

Mama alipanda ngazi mwenyewe na blanketi la kitandani kwake.

Volti alikuta betri moja imevimba ubavu, haishikiki kwa moto. Alisubiri ipoe ndipo akaitoa. Akazishika nyaya zilizoungwa kwa utepe.

"Nani alitoa kisanduku?"

Kidoti akamtazama mama yake. Mama angeweza kusema panya.

"Mimi."

"Na gunia kwenye tundu?"

"Mimi pia."

"Kwa nini, mama yangu?"

Aliyejibu ni Kidoti. "Alidhani unakuja kwa a-ajili yangu."

"Mimi? Mke wangu huyu ninayemjua? Mngenizika!" Lakini hakucheka. Aliokota ile njiti sakafuni. "Hii ingewaka, mama, betri ingepasuka. Tindikali yote usoni kwa mtoto."

Jioni hiyo Kidoti alipanga nguo kwenye begi. Alikuwa anahamia kwa shangazi yake mpaka usaili upite.

"Si ungeniambia tu, mwanangu," mama alisema.

"Nikisema hapa una-unanimalizia maneno. Halafu unauliza nilikuwa na nani."

Mama alimbebea begi mpaka barabarani. Njiani swali lilimpanda: wapangaji wa shangazi ni akina nani, wanaume wako wangapi? Akalimeza, likarudi, akalimeza tena.

Basi likasimama. Kidoti akageuka. "Mama, nita-nitaku... nitaku..."

Mama alikuwa na neno lote ncha ya ulimi. Kondakta akagonga ubavu wa basi, twende, dada, twende! Mama akabana midomo, akasubiri.

"Nitakupigia nikifika," Kidoti akasema, akapanda.